Mwambieni Mwalimu

Kikundi kile nilikifungua kwa hasira. Nilikuwa nafundisha Baiolojia kwenye sekondari ya kata, si mbali na Ihanja, na asubuhi hiyo mkuu wa shule alikuwa ameniita ofisini kunisomea matokeo ya kidato cha nne. Aliyasoma polepole, F baada ya F, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Nilipotoka nikakaa nje ya maabara, ambayo ndani yake hamkuwa na kitu zaidi ya viti vilivyovunjika, nikatoa simu yangu ya vitufe na kuingia kwenye ule mtandao wa marafiki ambao miaka ile kila mwenye simu alikuwa anaujaribu. Nikatengeneza kikundi cha Baiolojia. Niliwaza kwamba wanafunzi wasionielewa darasani watanielewa humo, kwa nafasi yao.

Kuna jambo moja sikuliwaza. Wanafunzi wetu walikuwa hawaruhusiwi kuwa na simu, na mwalimu aliyekuwa anawakagua mabegi kila Jumatatu nilikuwa mimi.

Kwa hiyo waliojaa kwenye kikundi walikuwa watu wazima, watahiniwa wa kujitegemea ambao shule iliwatupa mkono zamani na sasa wanatafuta cheti wakiwa na kazi, mashamba na watoto. Kulikuwa na mama mwenye duka pale Ikungi. Kulikuwa na mwalimu wa chekechea kutoka Mkalama, na baba mmoja wa Itigi aliyekuwa akifanya kazi relini. Wengine waliingia wakaangalia, wakaona hakuna picha za harusi, wakatoka.

Miaka ile hakuna aliyeuona mtandao ule kuwa ni mahali pa kusomea. Watu walikuwa wanaweka picha zao wameegemea magari yasiyo yao. Mkuu wa shule alikuwa na hakika kwamba ni mahali pa kutongozana, akaniuliza mbele ya walimu wenzangu kama mke wangu anajua ninachofanya huko. Nikamwambia mke wangu ndiye aliyenifundisha kuingia, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Yeye alikuwa mwepesi wa mambo hayo kuliko mimi.

Wiki za mwanzo zilipotea kwenye salamu. Baba wa Itigi alikataa katakata kuingia kwenye mada kabla ya watu kuamkiana, na watu hawakuweza kuamkiana kwa sababu hakuna aliyejua nani mkubwa. Ilibidi kila mmoja aseme umri wake, ndipo shikamoo zikapata pa kwenda. Nilichoka nikawa nasaga meno, lakini ilipokwisha ikawa imekwisha, na kila jioni darasa lilianza kwa adabu kuliko darasa langu la mchana. Mwanachama mmoja tu hakutaja umri. Akaunti yake ilikuwa imeandikwa Alizeti, basi. Aliandika, “Nawasalimu wote,” na kila alipouliza swali alianza na “Wanakikundi, naomba kuuliza.” Hakuwahi kuandika neno mwalimu. Nikadhani ana maringo.

Shida yetu kubwa ilikuwa michoro. Wenye simu ndogo walikuwa wanaingia mtandaoni kwa njia ya bure, na njia hiyo ilikuwa inaleta maandishi tu. Mahali pa picha palikuwa na kiboksi kitupu. Sasa mtihani wa Baiolojia hauridhiki na mtu anayejua moyo unafanya nini. Unamtaka auchore na ataje sehemu zake. Miaka yote nilikuwa nanakili mchoro kutoka kitabuni kwenda ubaoni, wanafunzi wananakili kutoka ubaoni kwenda madaftarini, na katika safari hiyo yote hakuna mtu aliyesema kitu. Sasa ilibidi niuchore moyo kwa maneno.

Nikaandika: “Chora kiazi kitamu kilichosimama wima. Sehemu nene iwe juu. Ncha iwe chini, ielekee kushoto kidogo.”

“Wanakikundi, naomba kuuliza,” akaandika Alizeti. “Kushoto kwa nani?”

Nikakereka. Nikajibu kwamba kushoto ni kushoto.

“Mgonjwa akikaa mbele yangu ananitazama, kushoto kwake ni kulia kwangu. Nichore kushoto kwake au kwangu?”

Nikafungua kitabu, nikakitazama, nikajishika kifua, nikakitazama tena. Moyo wa kitabuni ni wa mtu aliyekuelekea. Kama wangefuata nilivyoandika, kikundi kizima kingechora moyo uliopinduka. Nikarekebisha bila kuomba radhi, kama tulivyo walimu wengi, na kuanzia siku hiyo nikawa naandika maelezo ya mchoro kwanza kwenye karatasi, nampa mke wangu achore bila kuona kitabu. Akichora kituko, najua kosa ni langu.

Nikaipeleka kazi hiyo mpaka darasani. Mwanafunzi mmoja anashika kitabu na kueleza, wengine wanachora kwa kusikiliza. Mwanzoni walicheka wakachora vyura wenye mikia. Baadaye walianza kuuliza maswali ya kweli. Sitatia chumvi nikasema F ziliisha, lakini zilipungua, na mkuu wa shule akaacha kuuliza habari za mtandao. Leo mwanafunzi akitaka kuona moyo unavyopiga anafungua video na kuuona, mwekundu, unacheza. Ni jambo zuri. Lakini mimi bado namwambia afunge simu anieleze kwa mdomo, na wengi hapo ndipo wanapokwama.

Alizeti alikuwa anakuja amechelewa. Mada tumeshaifunga, wenzake wameshaaga, yeye ndiyo anauliza la mwanzo kabisa. Nikawa namtania mbele ya wote. Niliandika, “Alizeti, wewe unageuka na jua tu, somo la jana umeliacha upande gani?” Siku nyingine nikaandika, “Kwa mwendo huu, Alizeti, utafanya mtihani pamoja na wajukuu zako.” Watu walicheka sana. Yeye hakujibu utani hata mara moja. Alirudi na swali lake lile lile.

Jumapili moja mke wangu alikuwa anapepeta mtama uani, nikamsomea ule utani wa wajukuu nikitegemea acheke. Ungo ukasimama mikononi mwake.

“Umemwandikia hivyo?”

“Ndiyo. Kichwa chake kigumu huyu mtu.”

“Huyo ni mama.”

“Mama nani?”

“Mama yangu mimi. Mkweo.”

Niseme wazi kwa asiyetujua. Katika ukoo wa mke wangu mwanaume na mama mkwe wake hawazoeani. Hampeani mkono, hamli pamoja, hamkai mkeka mmoja. Ukimwona anakuja njiani unapisha, unaingia hata kwenye miiba. Mkiwa na neno la kuambiana, linapita kwa mtu wa katikati, hata kama mmekaa uani pamoja na kila mmoja anamsikia mwenzake. Unasema, “Mwambie mama,” na mtu wa katikati analirudia, na mpaka alirudie, neno linahesabika halijafika. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima. Familia nyingi siku hizi zimeiacha, lakini wao hawajaiacha, na mimi nilipoposa niliikubali mbele ya wazee. Nilikuwa sijawahi kumwambia mama yule neno lolote moja kwa moja. Sasa nilikuwa nimemwambia mengi, na yote ya kumcheka.

Nilihisi aibu mpaka masikio yakawaka moto.

“Mbona hukuniambia?”

“Alinikataza. Mimi ndiye niliyemfungulia akaunti. Alijua tangu mwanzo kwamba mwalimu ni wewe, ndiyo maana akaingia. Darasani kwako angeingiaje? Angekaa wapi?”

Kisha akanieleza jambo lenyewe, ungo ukiwa magotini. Mama yake alikuwa mhudumu kwenye zahanati moja upande wa Mungaa. Alikuwa ameshika kazi hiyo miaka mingi, na mganga mfawidhi alimtegemea. Lakini utaratibu ulikuwa umebadilika, ukataka kila mhudumu awe na cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa Baiolojia. Mama alikuwa ameshafanya mtihani mara moja. Masomo mengine yalipita, Baiolojia akapata F. Mganga alikuwa amemwombea mwaka mmoja tu zaidi. Akifeli tena, nafasi yake inapewa mtu mwingine, naye anarudi kwenye jembe.

“Na unajua kwa nini hana cheti,” mke wangu akasema. “Aliondolewa shule kidato cha tatu kwa sababu ya mimba. Mimba yenyewe ni mimi. Nimemwomba radhi tangu nilipopata akili, hajawahi kunijibu. Ananyamaza tu, anaendelea na kazi yake.”

Nilimwambia kwamba mtoto haombi radhi kwa jambo kama hilo. Akaniangalia kama niliyesema upuuzi, akaendelea kupepeta.

Mimi nikaingia mitini. Sikufungua kikundi siku nyingi. Kila nilipochukua simu niliona ule utani wangu umekaa pale, na chini yake vicheko vya watu. Isitoshe, mada iliyokuwa inafuata ilikuwa uzazi wa binadamu. Jamani. Mada hiyo nikiifundisha kwa wanafunzi wa kidato cha tatu natokwa jasho, sembuse kwa mama mkwe. Mke wangu hakunisema, ila alikuwa ananiwekea chakula mezani na kuondoka, na ndani ya nyumba yetu hiyo ilikuwa adhabu ya kutosha.

Hatimaye nikafungua. Wanakikundi walikuwa wameuliza kama naumwa, kama nimehamishwa, kama nimefariki. Chini kabisa kulikuwa na ujumbe wa Alizeti.

“Wanakikundi, mwambieni mwalimu kwamba mada ya uzazi haijafundishwa na mtihani unakaribia.”

Niliusoma nikasimama. Kwa kupotea kwangu, mama yule alikuwa amejua kwamba nimejua. Na badala ya kutoka, alikuwa amekichukua kikundi kizima, kutoka Ikungi mpaka Itigi, akakifanya mtu wa katikati.

Mwenye duka wa Ikungi akamuuliza, “Dada, si umwambie mwenyewe? Yumo humu.” Mwalimu wa chekechea akasema wawili hawa wamegombana. Mimi nikapiga moyo konde, nikaandika, “Mwambieni Alizeti kwamba mada itaanza kesho jioni.”

Baadaye kidogo baba wa Itigi akaandika: “Nimewaelewa. Hapa kuna ukwe. Kwetu pia tunaujua. Mimi nitakaa katikati. Anayetaka kucheka akachekee nje.”

Hakucheka mtu, au kama walicheka walichekea nje. Toka siku hiyo darasa letu likawa la ajabu. Mimi naandika, “Mwambieni Alizeti achore kichwa cha ng'ombe mwenye pembe ndefu zilizoinama. Kichwa ni mji wa mimba, pembe ni mirija.” Baba wa Itigi anaandika, “Alizeti, mwalimu anasema uchore kichwa cha ng'ombe mwenye pembe ndefu zilizoinama. Kichwa ni mji wa mimba, pembe ni mirija.” Hakupunguza wala kuongeza. Alizeti anajibu, “Mwambieni mwalimu nimechora. Ovari niziweke kwenye ncha za pembe?” Na swali lile, ambalo nilikuwa nalisoma kwenye skrini yangu mwenyewe, nililisubiri mpaka baba wa Itigi aniletee.

Majina yote ilibidi tuyaandike kwa Kiingereza pia, kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza. Baba wa Itigi aliyarudia herufi kwa herufi. Kilichotokea ni kwamba kila jambo lilisemwa mara mbili, na wale wengine, waliokuwa wasikilizaji tu, walishika mada ile kuliko zote nilizowafundisha nikiwa mchangamfu.

Nilipomaliza upande wa mwanamke, nikakimbilia uchavushaji wa maua. Nilikuwa nimeshaandika habari za nyuki wakati ujumbe ulipoingia.

“Mwambieni mwalimu ameruka ukurasa.”

Nikajifanya sikuuona. Baba wa Itigi akaurudia. Nikaandika kwamba ukurasa huo mtu anaweza kujisomea mwenyewe.

“Mwambieni mwalimu kwamba zahanati haihudumii wanawake peke yao. Mwambieni asinionee haya. Mimi siogopi mchoro. Naogopa F.”

Nilikaa na simu mkononi nikifikiria mganga mfawidhi, na mtu mwingine akivaa koti la kazi la mama yule. Nikarudi kwenye ukurasa. Nikachagua maneno moja moja kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Baba wa Itigi akafanya kazi yake: “Alizeti, mwalimu anasema uchore kwa kutazama ubavuni, siyo kwa mbele. Mimi nilishachora kwa mbele, naanza upya.” Jioni hiyo hata mke wangu, aliyekuwa anasoma juu ya bega langu, alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka na mimi tangu siku ya ungo.

Mtihani ukafika. Siku ya Baiolojia nilisimamia darasa langu huku akili iko kwenye kituo kingine. Jioni Alizeti akaandika, “Mwambieni mwalimu kiazi kimetoka. Ng'ombe hakutoka.” Jasho lote lile, na uzazi haukuulizwa hata kwa maksi moja. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Halafu kukawa na kungoja. Mke wangu alikuwa akienda Mungaa kumsaidia mama yake kupanda, na kila aliporudi alikuwa mkimya. Mama haulizi, haongei, alisema. Anafua koti la kazi hata kama ni safi.

Matokeo yalitoka watu wakiwa kwenye palizi. Mama mkwe alikuja kwetu mwenyewe kwa bodaboda, tope limemfika magotini. Hakuingia ndani. Mke wangu akampa kigoda upande wa jikoni, akakaa amenipa ubavu, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Mimi nilisimama mlangoni mwa sebule na simu. Mke wangu alikuwa katikati yetu, na sufuria ya mlenda aliyoshika bila kuitua.

“Mwambie mama ukurasa unafunguka polepole,” nikasema.

“Mama, ukurasa unafunguka polepole.”

“Mwambie nangoja.”

“Anangoja.”

Siku za matokeo mtandao unaelemewa, nchi nzima inagonga mlango mmoja. Ukurasa ukaja nusu, ukakatika. Ukaja tena. Nikatafuta namba yake ya mtihani, nikaipita, nikarudi. Nikausoma mstari ule mpaka mwisho, nikausoma tena kwa kuanzia nyuma, kwa sababu sikuyaamini macho yangu.

“Mwambie mama ana C ya Baiolojia.”

Mke wangu akatua sufuria chini. Machozi yakawa yanamtiririka na hayafuti. Nilimwona mama mkwe amekaa kimya, mikono magotini, anasubiri. Alikuwa amesikia. Nyumba yetu si kubwa. Lakini kwa desturi yake alikuwa bado hajaambiwa, na hakusogeza hata kidole.

“Mwambie,” nikanong'ona.

Mke wangu akapiga magoti mbele ya mama yake. Hakusema habari ya C. Alisema, “Mama, nisamehe.”

Mama mkwe akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla ya siku hiyo wala baada yake. Akageuka na kigoda chake, akanielekea mimi, akanitazama usoni.

“Mwalimu,” akasema. “Mwambie mke wako aache kuniomba radhi kwa kuzaliwa.”

Mke wangu alikuwa pale pale, kichwa kimegusa magoti ya mama yake. Mama akaendelea kunitazama, akingoja nifikishe. Nikamgeukia mke wangu, nikalirudia neno lote kama lilivyosemwa.